Ukoo Usiopiga Risasi

Gari la wagonjwa lilikuwa linakimbia bila king'ora.

Hilo peke yake lilimtosha Wadha kujua kwamba hakukosea gari.

Alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikanguruma, ikaila lami ya Barabara ya Jangwani kusini mwa Maan, mchanga ukigonga kioo kama mtu anayepepeta mchele. Mbele yake ile Mercedes nyeupe iliyapita malori ya fosfeti moja baada ya jingine. Kila dereva wa lori aliyetaka kupiga honi alionyeshwa mkono kutoka dirishani. Mkono uliosema: tafadhali, usipige.

Mkono ule Wadha aliujua tangu alipokuwa mchanga.

Redio ya Motorola ikakoroma.

"Kware, Kware, hapa Kisima. Unanipata?"

"Nakupata, Kisima."

"Mbuzi wa buluu yuko wapi?"

"Mbele yangu. Mwendo wa kukojolea tu."

"Adabu, binti. Piga matairi, malizana nao."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Kuna mtoto ndani, Abu Mitib. Mtoto wa Sawakit."

Mkuu wake akaachia kitufe cha redio. Hata Amman, kwenye ofisi zenye mazulia, watu walijua maana yake.

Kiunoni Wadha alikuwa na Glock iliyojaa risasi. Leo ilikuwa na faida ya kipande cha chuma cha kugongea misumari.

Sawakit maana yake ni Wanyamavu. Jina walipewa na majirani kwa kuwacheka, wakalizoea. Ni ukoo wa wafugaji usiopiga risasi harusini. Wanawake wake hawapigi vigelegele. Mchi wa kutwangia kahawa, ambao kwa makabila mengine hulia kama ngoma kuwaita wageni, kwao umevishwa sufu. Mtoto aliyelala haitwi jina; huguswa mguu, taratibu, mpaka afumbue macho mwenyewe.

Majirani walisema ni waoga.

Hawakuwa waoga. Walikuwa na moyo mbovu unaorithiwa, ukitoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto kama pua. Mwenye moyo huo anaweza kukimbia, kucheza, kuoa. Lakini mlango ukibamizwa ghafla, moyo unashtuka, unatetemeka, unasimama. Mtoto anaanguka na kicheko chake bado kiko mdomoni. Wengine huamka. Wengine huzikwa kabla ya Alasiri.

Mwaka uliopita alikuja Daktari Reinholt kutoka Ulaya. Akatundika hema la matibabu ya bure, akagawa vidonge vya minyoo na miwani ya wazee, na kila aliyeingia alikunja mkono akatolewa damu. Ukoo mzima ulikunja mkono. Hata Wadha, alipokwenda likizo kuwasalimu, alikunja wake.

Serikali ilikuwa na sheria: damu ya watu haivuki mpaka bila kibali. Reinholt aliomba kibali, akanyimwa. Jana hema lilikutwa limeng'olewa. Damu yote imeingia kwenye sanduku la buluu lenye barafu kavu, na sanduku limeingia kwenye gari la wagonjwa. Aqaba kulikuwa na boti ya kifahari iliyowasha injini tangu asubuhi.

Dereva wa gari hilo alikuwa Hazaa, mkalimani wa daktari.

Na Hazaa alikuwa ndugu yake Wadha.

Si wa tumbo. Wa ziwa. Mama yake Wadha, mke wa askari wa Maan, aliugua homa ya uzazi maziwa yakakauka. Shamma wa Sawakit, aliyekuwa amejifungua Hazaa juzi yake, akasema mleteni huyo kitoto, Mungu amenipa mawili. Hazaa akachukua la kushoto, Wadha la kulia. Basi, yakaisha. Kwa sheria ya dini na kwa desturi ya jangwa, aliyenyonya akashiba ni mtoto wa nyumba ile. Hajifuniki uso mbele ya kaka yake wa ziwa, wala haozwi kwake, na anapokufa mmoja, mwingine hukaa matanga.

Nokia ikatetemeka kwenye mapaja yake. Aliitazama namba, akaitika.

"Unaendesha kama mke wa imamu," alisema Hazaa.

"Na wewe unakimbia kama mwizi wa kuku. Simama."

"Nikisimama, moyo wa Jalila atautengeneza nani? Wewe na Idara yako ya usalama?"

Jalila alikuwa binti wa pekee wa Hazaa, meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanaota upya.

"Ameanguka tena?" Wadha aliuliza.

"Mara mbili tangu Ramadhani. Ya pili, mbuzi alipiga chafya. Mbuzi, Wadha! Niende nikamshitaki mbuzi?"

Wadha hakucheka, ingawa alitaka.

"Daktari atamtia kifaa kifuani," Hazaa aliendelea. "Kidogo hivi, kama kiberiti. Moyo ukisimama, chenyewe kinaupiga kofi. Huko kwao wanawekewa hata mababu."

"Kwa hiyo ukauza damu ya ukoo mzima."

"Damu yenyewe ilikuwa inatuua bure. Angalau sasa imepata mnunuzi."

"Amekuahidi vipi?"

"Ameapa."

"Kwa nani?"

"Kwa mama yake."

"Mama yake yu hai?"

"Sikuuliza."

"Mjinga wewe, mwana wa mama yangu."

"Najua. Sikiliza, daktari anataka kuzungumza nawe. Tunaingia stesheni ya zamani, ile ya reli ya Waturuki. Njoo peke yako, usilete askari. Na, dada yangu..."

"Nini?"

"Usipige honi."

Simu ikakatika. Mbele, Mercedes ikaacha lami ikaingia kwenye changarawe.

Wadha akashika redio. "Kisima, wamekata kulia. Stesheni ya Waturuki. Naingia."

"Helikopta iko tayari Aqaba."

"Ikiruka juu yetu mtoto atakufa kabla haijatua. Wekeni askari nyuma ya kilima, magari yazimwe."

"Kware, hii ni amri. Sanduku kwanza."

"Sauti inakatika, Kisima."

"Haikatiki! Nakusikia vizuri kabi..."

Akaizima.

Stesheni ilikuwa nyumba ya mawe isiyo na paa, imesimama mgongoni mwa kilima, na reli ambazo mchanga ulikwisha kuzimeza. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na ndege wala nzi. Wadha alizima injini mbali, akaliacha gari kwenye mteremko, akatembea.

Alikuwa mtu wa kutazama. Kazini walimtania kwamba anaweza kumtazama punda mpaka punda akiri kosa. Basi akatazama.

Reinholt ameegemea ubavu wa gari, mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hata huku jangwani. Mkono mmoja una kikombe cha chupa ya chai. Mkoba wa ngozi uko begani, zipu wazi.

Hazaa amesimama hatua chache kando, ameshika kilemba chake mkononi kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

Milango ya nyuma ya gari iko wazi. Jalila amekaa juu ya machela, anamenya yai la kuchemsha. Amevaa vizibo vya masikio, vile vikubwa vya rangi ya machungwa wanavyovaa vibarua wa uwanja wa ndege. Alimwona shangazi yake akampungia yai.

Wadha akampungia. Moyoni akajiuliza: kwa nini mtoto azibwe masikio mahali pasipolia hata nzi?

"Karibu, bibie," alisema Reinholt. Kiarabu chake kilikuwa kizuri, cha Misri. "Kahawa?"

"Kahawa ya mwizi inavunja udhu."

Hazaa akaficha kicheko kwenye kilemba.

"Mwizi!" Reinholt alitikisa kichwa kwa upole. "Mnapenda maneno makubwa. Unajua kilichotangazwa juzi?"

"Juzi Baghdad ilikuwa inaungua, daktari. Matangazo yalikuwa mengi."

"Kitabu cha vinasaba vya mwanadamu kimesomwa. Chote. Herufi bilioni tatu, miaka kumi na mitatu ya kazi." Macho yake yalimeremeta, na Wadha akaona kwamba huyu mtu, kwa jambo hili moja, alikuwa mkweli. "Fikiria tulikotoka. Mtawa mmoja anapanda njegere kwenye bustani ya kanisa, anaona kitu kinajificha kwa mtoto kinatokea kwa mjukuu. Anakufa, hakuna anayejali. Halafu miaka hamsini iliyopita, mwezi huuhuu, wanaona umbo la kitu hicho: ngazi iliyosokotwa."

"Nimepewa faili nikasoma. Picha iliyowafungua macho ilitoka kwa mwanamke, tuzo wakachukua wanaume."

"Alikuwa amekwisha kufa walipopewa."

"Ndiyo kawaida yenu. Kwanza tufe."

Reinholt akanywa kahawa yake. "Kisha wakajifunza kuisoma, herufi moja moja. Sasa kitabu tunacho, lakini mistari mingi hakuna anayejua inasema nini. Ukoo wenu ni mstari mmoja. Mstari wa moyo. Nitaufasiri mimi, na utaandikishwa kwa jina langu. Kila hospitali duniani itakayoutafuta itaniomba ruhusa."

"Na Jalila akitaka kupimwa?"

"Utaratibu ni mmoja kwa wote. Atalipia."

Hazaa akainua kichwa. "Ulisema atatibiwa."

"Atatibiwa, Hazaa. Baadaye."

"Baadaye ni siku gani, daktari?"

Reinholt akamgeuzia kisogo. Alikuwa anamtazama Wadha kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Nyinyi wawili mmenifaa sana," alisema. "Ndugu wawili, watu wazima, wote wana moyo uleule, na bado mko hai. Vikongwe wa pale wamenieleza. Utotoni mlikuwa mnaanguka pamoja, wewe na kaka yako. Mlikuwa mnawatoa roho."

Wadha alifungua mdomo kumsahihisha.

Akaufunga.

Akamgeukia Hazaa. Hazaa alikuwa anatazama ndara zake, na kwenye pembe ya mdomo kulikuwa na kile kicheko chake cha kihuni. Mgeni alimuuliza ndugu zako ni nani, akawataja, na Wadha akiwamo. Angesemaje? Dada ni dada. Kwao hakuna anayesema "dada wa ziwa" mbele ya wageni. Ni kama kumwambia mtu wewe si wetu.

Na kule kuanguka...

Kule kuanguka kulikuwa mchezo.

Mchezo mbaya, mchezo uliowaletea viboko vingi. Watoto wa Sawakit waliuita kuzimika. Mmoja anagusa sikio la kushoto, wote wanajiangusha chini kama maiti, wanawake wanalia, na anayelala muda mrefu zaidi ndiye mshindi. Wadha alijifunza vyema: usifumbe macho kwa nguvu, legeza taya, pumulia tumboni. Lakini hakushinda hata siku moja. Bingwa alikuwa Hazaa. Hazaa aliweza kulala mpaka Shamma aanze kurarua nguo.

Mkono wa Reinholt ukaingia kwenye mkoba.

Wadha akaona kopo jekundu. Kopo la gesi lenye tarumbeta ya plastiki juu yake.

Honi ya boti.

Mambo yote yakapangika kichwani mwake kama shanga kwenye uzi. Vizibo vya machungwa: mtoto anatakiwa mzima, damu yake bado inahitajika. Watu wazima wawili hawahitajiki. Hakuna risasi, hakuna jeraha wala sumu. Kesho askari wataokota ndugu wawili wa Sawakit waliokufa kwa ugonjwa wa kwao, na hakuna mwenye kuuliza.

Bastola ilikuwa karibu na kidole. Lakini akiichomoa akafyatua, mlio wake utamfanyia daktari kazi yake. Akipiga kelele kumwonya Hazaa, na kama naye kweli ana moyo ule, kelele yenyewe ndiyo kifo.

Basi akafanya kitu kimoja tu. Akainua mkono taratibu, kama anayeweka sawa ushungi wake.

Akagusa sikio la kushoto.

Hazaa aliona. Wadha ana hakika mpaka leo kwamba aliona, kwa sababu alitabasamu, tabasamu zima, lenye pengo la jino alilovunjwa na punda. Akaachia kilemba, mikono ikapanda kuelekea masikioni.

Honi ikalia.

Jangwa zima lilipasuka. Mawe ya stesheni yaliirudisha sauti mara mbili, mara tatu.

Wadha akaanguka.

Taya limelegea, jicho nusu, mchanga mdomoni. Hakupangusa. Kwa upande wa kulia alisikia mwili mwingine ukitua chini, puu, na akawaza: mjinga huyu, ana umri wote huu na bado anaanguka vizuri kuliko mimi.

Nyayo zikaja. Reinholt hakuwa na haraka. Alimpita Hazaa kwanza, akainama, akanyanyuka. Kisha akapiga goti kando ya Wadha, akaweka vidole viwili shingoni mwake kwa adabu, kama daktari yeyote mwema.

Vidole vikakuta mshipa unaokimbia kama farasi.

"Lakini wewe..." alisema.

"Mimi wa ziwa tu, daktari."

Kiganja cha Wadha kilimpata chini ya kidevu. Meno yakagongana. Kabla hajapata sauti, ushungi ulikuwa umezunguka shingo yake mara mbili na goti la Wadha liko mgongoni. Alitapatapa, akachimba mchanga kwa viatu vyake vya bei, akalegea. Wadha akamfunga mikono kwa kamba ya plastiki, akamziba mdomo kwa plasta ya mfukoni mwake mwenyewe. Honi akaitupia mbali, kwenye mchanga laini.

Yote yalifanyika kimya. Ndani ya gari Jalila alikuwa amewapa mgongo, anatafuta chumvi ya yai lake.

Wadha akakung'uta magoti. Akatema mchanga.

"Basi, Hazaa. Amka."

Hazaa alilala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu.

"Umeshinda. Amka sasa, kuna kazi."

Alisubiri. Mungu amsamehe, alisubiri. Alisimama pale na kutabasamu kama mjinga, akiwaza maneno ya kumtukania.

Kisha akakumbuka. Akaenda akapiga magoti, akamgusa mguu, taratibu, kama wanavyoamshana wao.

Mguu haukujibu.

Alimgeuza chali, akaweka mikono kifuani mwake akaanza kusukuma. Alisukuma kama alivyofundishwa na Idara, mbavu zikilia chini ya viganja. Kisha akakumbuka gari. Gari la wagonjwa! Akakimbia, akaruka ndani, akafungua kabati la kwanza. Masanduku ya barafu. La pili, mirija ya damu, imelala safu kwa safu. La tatu, barafu tena. Ukutani kulikuwa na kishikizo kitupu, na juu yake picha ya moyo uliopigwa radi.

Akarudi kwa Reinholt, akabandua plasta.

"Mashine ya kushtulia moyo iko wapi?"

Reinholt alipepesa macho. Alionekana kushangaa kweli kwamba kuna anayeuliza.

"Tuliitoa," alisema. "Barafu ilikuwa inahitaji nafasi."

Wadha akairudisha plasta. Taratibu. Akaibana kila pembe.

Akarudi kusukuma. Alisukuma mpaka midomo ya Hazaa ikageuka rangi, mpaka akasahau anachosukuma. Na hapo kati ya pigo na pigo ndipo lilipomjia, jambo ambalo angelijua zamani kama angekuwa anatazama utotoni kama anavyotazama leo. Yule bingwa wa kuzimika, aliyelala kuliko wote mpaka mama yake akararua nguo. Aliyekuwa akiamka amepauka, anacheka kabla hajajua yuko wapi.

Siku nyingine hakuwa anacheza.

Aliwaacha wote wadhani anacheza, kwa sababu bingwa ni jina zuri kuliko mgonjwa.

"Shangazi."

Jalila alikuwa ameshuka. Vizibo vimemning'inia shingoni, chembe za kiini cha yai ziko kwenye kidevu. Alimtazama baba yake, akamtazama Wadha, akaweka kidole mdomoni.

"Usimwite kwa sauti," alinong'ona. "Mguse mguu."

Akachuchumaa, akamgusa baba yake mguu yeye mwenyewe. Akangoja. Watoto wa Sawakit wanajua kungoja.

Askari walikuja kwa miguu kutoka nyuma ya kilima, na nyuma yao Abu Mitib akitweta, tai imelegea, maana alikuwa Maan muda wote na si Amman kama alivyojidai. Jeep moja tu ilisukumwa kwa mikono mpaka stesheni. Redio yake ilikuwa wazi kidogo, na mtangazaji alikuwa anasema kwamba mwanadamu sasa amejisoma mwenyewe kutoka jalada hadi jalada.

"Izime hiyo," alisema Wadha.

Askari akaizima.

Abu Mitib akaliangalia sanduku la buluu kama bwana harusi. "Kazi safi, Kware. Safi kabisa. Mtu tumempata, mali tumeipata."

"Kuna maiti."

"Nimemwona. Msaliti mmoja."

"Ndugu yangu."

Abu Mitib akakunja uso. "Faili lako linasema huna ndugu."

Wadha akageuka kutazama nyuma. Askari walikuwa wanamfunika Hazaa kwa kilemba chake mwenyewe. Jalila aliwaonyesha wasimfunike mguu.

"Sanduku linakwenda wapi?"

"Amman. Halafu..." Abu Mitib alipunguza sauti. "Kuna kampuni nyingine. Marafiki zetu hawa. Wao wameomba kwa adabu, na vibali watapewa. Ni maendeleo, binti. Na sisi tuingie kwenye historia."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Huyo."

"Ah. Tutaunda kamati."

Wadha akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia alichokitegemea. Akatoa Glock, akaipachika kwenye mkono wa bosi wake. Redio ikafuata.

"Damu mnayo, Abu Mitib. Undugu ninao mimi."

"Maana yake nini?"

"Daktari aliwauliza Sawakit nani ndugu wa nani, wakamjibu kweli. Lakini si kweli aliyokuwa anaitaka. Kule mtoto akifa, mama yake humpa ziwa mtoto wa jirani. Kila hema lina mtoto wa ziwa, na wote wanaitwa kaka na dada. Yeye amechora ukoo mzima kama vile wametoka tumbo moja. Ameniweka hata mimi! Marafiki zenu waisome hiyo damu mpaka macho yawatoke, itawaambia uongo mtupu. Nani wa tumbo na nani wa ziwa, wanajua wanawake wa Sawakit peke yao. Na wale hawaongei na wageni."

"Wanaongea na wewe."

"Mimi binti yao."

Abu Mitib alimeza mate. "Unataka nini?"

"Kifaa kifuani mwa Jalila. Amman, hospitali wanayotibiwa watoto wenu, si kamati. Akitoka pale anakimbia, njooni na kalamu. Akifa, nitasahau kila jina."

"Naweza kukutia ndani kwa maneno haya. Sasa hivi."

"Unaweza. Waite askari." Alimwonyesha Jalila aliyesimama baina yao, masikio wazi. "Paza sauti, wako mbali kidogo."

Abu Mitib alijaza kifua. Mdomo ukafunguka.

Akamtazama mtoto.

Pumzi ikamtoka taratibu, na mdomo ukafungika.

Wadha akainama, akampandisha Jalila vile vizibo vya machungwa masikioni, akavikaza. Akamfuta kidevu kwa kidole. Kisha akamshika mkono wakaondoka, bila haraka, katikati ya askari waliowapisha njia wenyewe.

Kwenye gari alimfunga mkanda. Hakuwasha injini. Aliachia breki ya mkono, na Land Cruiser ikaanza kuteremka kilima yenyewe, kimya, kama vitu vyote vya Sawakit vinavyokwenda.

Alitazama kioo mara moja tu, kuhakikisha kwamba Hazaa hajaamka.

Bingwa hakutikisika.